Mgomba, Lami na Chumba cha Kupangisha

Kwetu Buhaya, mkoani Kagera, barabara kuu hupita kando ya kijiji. Hukata katikati ya rweya, ile nyika ya majani mafupi tunakochungia ng'ombe, na kijiji chenyewe hukaa mbali kidogo, ndani ya migomba. Aliye ndani ya basi huona kivuli kizito cha kijani upande wa kulia, kingine upande wa kushoto, na hajui humo mna kaya ngapi mpaka ateremke aulize. Gusii, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, hakuna haja ya kuteremka. Gari likishaacha miwa ya Awendo, likapita Rongo na kuanza kupanda, nyumba zenyewe ndizo zinazokufuata barabarani: duka la mbolea, kinyozi, kanisa la mabati, shule ya chekechea yenye twiga ukutani, fundi wa majeneza, duka jingine la mbolea. Migomba ipo, tena mingi, lakini iko nyuma ya majengo. Kilichotangulizwa mbele ni mlango unaotazama lami.

Sababu yake inaonekana vizuri ukisimama upande wa pili wa bonde. Nchi hii ni migongo mirefu ya vilima. Barabara imepita juu mgongoni, mto uko chini. Shamba la babu lilianzia juu likateremka mpaka majini, na wanawe walipogawana waligawana kwa urefu, ili kila mmoja apate kipande cha barabara na kipande cha mto. Wajukuu wakafanya vilevile. Leo mteremko mzima umepigwa mistari kama ukurasa wa daftari: juu nyumba, chini yake migomba, kisha mahindi, kisha chai au majani ya ng'ombe, na mwisho mikaratusi iliyosimama na miguu kwenye maji. Baadhi ya mistari ni myembamba kiasi kwamba ng'ombe akigeuka mkia wake uko kwa jirani. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kilomita moja ya mraba, na wengi wao ni wakulima. Kagera yetu nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 3, na bado tuna rweya ya kuchungia.

Nilikuwa na shauku yangu. Mkoani kwetu inajengwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila penye lubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu wawili mazungumzo ni kwamba chuo kitaleta maendeleo. Wahaya tumetoa maprofesa wengi, tukawapeleka Dar es Salaam na ng'ambo. Chuo kikubwa cha kukaa nacho nyumbani hatukuwa nacho. Wagusii ni watu wa mgomba kama sisi, wa mlimani kama sisi, wenye wazimu wa kusomesha kama sisi, na chuo wanacho. Nilitaka kuona kimeleta nini, na kilicholetwa kimekaa upande gani wa barabara.

Kutoka mpakani Sirari njia ni nzuri. Barabara ya Isebania, Kisii hadi Ahero, kilomita 172, ilijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na madereva wanaijua kwa namna wanavyokanyaga mafuta. Nje ya barabara kuu anayetawala ni Toyota Probox. Gari hili dogo la mizigo ndilo daladala la Gusii. Wawili hukaa mbele pamoja na dereva, wanne nyuma, wengine wawili au watatu hujikunja kwenye buti na ndizi zao, na siku ya soko dereva hugawana kiti chake na abiria, usukani ukiwa katikati yao. Hakuna aliyeonyesha kushangaa. Mama aliyenikalia gotini aliniuliza kwa upole kama nimekaa vizuri.

Mji wa Kisii, ambao wazee bado huuita Getembe, umejengwa kwenye miteremko isiyofaa kujengwa mji, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha alasiri bila kuomba ruhusa. Kwa kuwa hakuna mahali pa kutanuka, maghorofa yamekwenda juu, na nondo zimeachwa zikichungulia paani kwa ajili ya sakafu ya mwakani. Nilijizoeza kusoma ghorofa moja kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa vipuri vya pikipiki. Juu yake wakala wa pesa na daktari wa meno. Sakafu ya tatu kanisa, lenye spika. Ya nne bango lililofifia la tawi la chuo, mlango umefungwa kwa mnyororo. Juu gesti.

Lile bango lililofifia lina historia yake. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikaanza kufundisha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Makao yake yako nje kidogo ya mji, kuelekea barabara ya Kilgoris. Miaka hiyohiyo vyuo vikuu vyenye makao Nairobi, Juja na Thika vilikuja kupanga sakafu mjini, kwa sababu wanafunzi wa kujilipia walikuwa wengi na mzazi Mgusii huuza ng'ombe kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani. Ukumbi wa harusi ukawa darasa. Mwenye ghorofa hakuhitaji hata kupaka rangi.

Kisha ukaja mtihani wa 2016. Waziri wa elimu wakati huo, Fred Matiang'i, ambaye ni mtoto wa Nyamira, alibana usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2015 waliopata alama ya A nchi nzima walizidi 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Waliofikia C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, walizidi 160,000 mwaka wa kwanza. Wa pili hawakufika 90,000. Waliobaki wote walienea katika nafasi za serikali, na wa kujilipia wakayeyuka. Mwaka huohuo tume inayosimamia vyuo vikuu iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi yake kumi. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma magazetini nikidhani ni habari za elimu. Mjini Kisii niliyaona kama habari za nyumba.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu hata sasa, ana kipande karibu na geti la chuo. Mumewe alikiacha kikiwa migomba mitupu. Alipostaafu alifyeka nusu ya juu, ile inayogusa barabara, akajenga vyumba kumi vya mstari mmoja vya mabati. Baadaye akabomoa akainua ghorofa. Kila chumba kina kitanda, jiko la kuweka juu ya meza na choo chake. Wanafunzi wanakiita bedsita. Nilimuuliza kwa nini hakubaki na ndizi.

"Ndizi bei inaamuliwa na dalali wa soko la Daraja Mbili," alisema. "Chumba bei naamua mimi."

Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba nayo hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi bei ya chumba chake inaamuliwa na ofisi ya Nairobi inayopanga wanafunzi waende vyuo gani. Mwaka wakipangwa wengi, anapumua. Wakipangwa wachache, vyumba vya nyuma vinakaa na kufuli. Mkopo wa benki haungoji. Nusu ya chini ya shamba bado ina migomba, na ndiyo inayomlisha. Jioni tulikula ndizi hizo pamoja na chinsaga, mboga chungu iliyolala usiku kucha ndani ya maziwa, na ugali wa wimbi ambao ukiuzoea, wa mahindi unaonekana wa wagonjwa. Ndizi zao hupikwa kavu zaidi kuliko zetu. Sikusema neno.

Nikishuka kutoka kwake hadi barabarani nilihesabu biashara zilizosimama juu ya chuo: vyumba, chakula cha kibandani, kufua nguo, kunakili vitabu, kusuka nywele, kukopesha. Zote ni biashara za kumhudumia mtu anayesoma. Biashara inayotumia kile alichosomea nililazimika kuitafuta.

Niliikuta sehemu mbili. Ya kwanza ni saiba. Kwetu tuna steshenari, unapotoa nakala na kuchapisha barua. Saiba ya Kisii ni ofisi ya serikali iliyohamia dukani. Kenya imepeleka huduma zake nyingi mtandaoni, na tangu 2023 malipo yake hupita kwenye namba moja ya malipo kwa simu, 222222, ambayo kila bodaboda anaijua kichwani. Ila kujaza fomu yenyewe ni kazi ya kijana wa saiba. Nilikaa benchi moja na bibi aliyekuja na kitambulisho kilichofungwa ndani ya leso. Kijana, mwenye shahada ya takwimu, alimwita magokoro, yaani bibi, akamuuliza jina la mama yake, mwaka wa kuzaliwa, namba ya shamba. Akachapa, akasubiri ujumbe kwenye simu ya bibi, akausoma mwenyewe. Akatoza shilingi chache. Bibi alimshukuru kwa Kigusii kirefu. Kule kwetu angepewa kontro namba, akatumwa dirisha la tatu, akaambiwa arudi Jumatatu. Lakini pia kule kwetu asingemkabidhi mtoto wa jirani namba yake ya siri, kama alivyofanya huyu bibi kwa sauti, nasi sote tukisikia.

Sehemu ya pili haina bango. Ni vijana wanaolala mchana. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, intaneti ikashuka bei, na vijana wa miji ya bara wakagundua kwamba mwanafunzi mvivu wa Marekani analipa kwa dola. Kwa zaidi ya miaka kumi Kenya imekuwa moja ya vyanzo vikubwa duniani vya insha na tasnifu ambazo mwandishi wake hatajwi. Kazi hufanyika usiku, maana huko ni mchana. Mpangaji mmoja wa Mwalimu aliniambia ameandika kazi za uuguzi, za sheria na za historia ya Ulaya. Yeye mwenyewe alisomea kilimo. Hakuona aibu, na sikutaka kumtafutia, ingawa nilijiuliza muuguzi yule anahudumia nani sasa. Tangu programu za kompyuta zinazoandika zenyewe zilipoingia mwishoni mwa 2022, oda zimepungua. Anafikiria kufuga kuku.

Nilichojifunza chumbani kwake ni mahali chumba chenyewe kilipo. Waya wa intaneti hutundikwa kwenye nguzo za umeme zilizofuata lami. Chumba kilicho barabarani kinaunganishwa. Kilicho hatua mia mbili chini ya mteremko kinategemea bando la simu, ambalo kwa kazi ya usiku kucha linakula faida yote. Kwa hiyo kodi hupungua kadiri unavyoteremka. Mtoto aliyerithi mstari uliokatwa na ndugu yake aliyejenga mbele hana barabara wala waya. Ana mto, na mto siku hizi hauna mpangaji.

Jumamosi niliamka nikadhani kuna msiba mkubwa. Maduka mengi yamefungwa, Probox zimepungua, watu wamevaa suti wakitembea na vitabu. Waadventista walifika Nyanchwa, kilima cha hapa mjini, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Sabato imeshika mji mpaka mifukoni. Hata saiba ya kijana wangu ilikuwa na kufuli.

Jumapili, ambayo hapa ni siku ya biashara, nikaelekea Nyamira kwa kupitia Keroka. Keroka ni mji wa barabara tupu: maduka mbele, maduka nyuma, steji katikati. Mpaka wa kaunti mbili umepita hapo hapo, Masaba Kaskazini ikiwa ya Nyamira na Masaba Kusini ya Kisii. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 zimekuwa zikigombania nani achukue ushuru wa soko lake, na mwenye genge la nyanya amejikuta akidaiwa pande zote mbili. Nilimuuliza muuza viazi yuko kaunti gani. Akaangalia juu, akaangalia anayekuja na kitabu cha risiti, akasema, "Inategemea huyo ni wa wapi." Kwetu wilaya hugombania mwekezaji, lakini mpaka unaopita katikati ya gunia la viazi sikuwahi kuuona.

Baada ya hapo nchi inabadilika rangi. Nyamira ni chai. Ni kijani kimoja kilichokatwa usawa wa kiuno, kikipanda na kushuka vilima, na ndani yake wanawake wenye vikapu mgongoni na aproni za plastiki. Mji wa Nyamira wenyewe ni mdogo, una ofisi za kaunti na utulivu wa mji wa ofisi. Lakini barabara ndogo! Hapa nilisimama kushangaa. Kila baada ya mwendo mfupi kuna njia ya changarawe inayopitika, hata baada ya mvua, na kila njia inafika kwenye banda la kuuzia majani ya chai.

Nilikaa bandani kwenye njia ya Kebirigo mpaka lori lilipokuja. Karani alipima kila kikapu kwa mizani ya kielektroniki, akatoa risiti, majani yakamwagwa kwenye magunia, lori likaondoka kwa haraka. Jani la chai likikaa saa chache linachemka na kuharibika. Lazima lifike kiwandani siku ileile. Viwanda ni vingi kwa nchi ndogo hivi: Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe, Nyankoba, Nyansiongo, vyote chini ya KTDA, shirika la wakulima wadogo lililoanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964. Wakulima hulalamika, na kwa haki, kwamba bonasi yao ya mwisho wa mwaka ni ndogo kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Ila barabara wamezipata. Kulikuwa hata na ushuru wa chai uliotengwa kwa ajili yake.

Kahawa yetu haina haraka. Tunaichuma, tunaianika uwanjani kwenye mkeka, inakauka, inangoja chama cha msingi, inangoja lori, lori linangoja mvua iishe. Zao linalovumilia limetufundisha kuvumilia barabara mbovu, na barabara ikatuvumilia nasi. Nimewahi kusikia wataalamu wakisema Kagera iko nyuma kwa sababu iko mbali na Dar es Salaam. Nyamira nayo iko mbali na Mombasa. Lakini hapa zao lenyewe lilimlazimisha mtu kila siku, saa kumi jioni, awe na njia.

Na banda la chai halikubaki banda. Palipo na watu wanaongoja lori alikuja muuza mandazi, kisha duka, kisha wakala wa pesa, kisha zahanati, kisha nguzo ya umeme, kisha mnara wa simu. Baadhi ya vituo hivi vimepata lami, na vilivyopata lami vina saiba. Nilipoona saiba ya tatu yenye ukuta mmoja na banda la chai nikaelewa kwamba elimu ya Gusii haikuchora ramani yake yenyewe. Ilikuta ramani ya chai ikahamia ndani yake. Chuo kikuu kilipandisha bei ya vipande vilivyokuwa tayari na barabara. Mahali pasipokuwa na barabara kilichukua vijana tu.

Ndiyo maana Nyamira ina barabara nzuri za majani na bado jioni magari yake yamejaa wanafunzi wanaorudi Kisii. Vituo vidogo ni vingi, hakuna hata kimoja kilichokua kikazidi vingine. Chai hugawa watu sawasawa kwenye mteremko. Chuo, hospitali kubwa ya rufaa na benki huwakusanya mahali pamoja, na mahali hapo ni kaunti ya jirani.

Borabu nilipita kwa muda mfupi. Ni upande wa mashariki, kuelekea Sotik, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawiwa familia za Kigusii miaka ya 1960. Ghafla ardhi inapumua: uzio, ng'ombe wa maziwa, nyumba iliyokaa peke yake mbali na barabara. Nilijisikia nyumbani, na nikagundua kwamba saiba sikuiona.

Nikirudi, Probox iliharibika karibu na njia panda, nikakaa kwenye benchi la duka na mzee aliyekuwa anasubiri malipo ya chai. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akaitika marahaba kama anayekumbuka kitabu cha shule. Nilimweleza habari ya kampasi yetu. Aliuliza ina barabara ngapi. Nikasema ya lami ni moja.

"Basi wote watajenga kwa hiyo moja."

Nikamwambia kwetu kibanja, shamba la migomba la nyumbani, ni cha ukoo, mna makaburi ya mababu ndani, hakiuzwi hivihivi. Akasema hata hapa hakikuwa kinauzwa, akaanza kunionyesha kwa kidole: huyu ameuza mbele akabaki nyuma, yule ameuza nyuma akajuta, pale wametoa njia ya gari ndogo baada ya kesi ya miaka mingi. Kisha akataka kujua robo ekari karibu na hiyo lami yetu inakwenda bei gani. Nilimjibu kwamba imekuwa ikipanda tangu bango la ujenzi liliposimikwa. Akageuza risiti yake ya chai, akaandika namba ya simu nyuma yake, akanipa. Ana mwanawe Mwanza, alisema, anaweza kufika haraka.